Somo Letu: Kuchagua Madirisha Mapya ya Nyumba



Wanachama wengi wanaotengeneza nyumba zao kwa mkopo wa chama cha akiba wametuuliza swali moja: dirisha la mbao likioza, tuweke nini mahali pake? Wengine wanataka chuma, wengine alumini. Siku hizi wapo pia walioona picha za madirisha ya Ulaya na Marekani, ambayo kwa ndani ni mbao na kwa nje yamevikwa alumini. Wanauliza kama hayo ndiyo bora, na kama fundi wetu anaweza kuyatengeneza.

Swali hili si dogo. Mkopo wa dirisha hukatwa katika mshahara mwezi kwa mwezi. Dirisha likioza kabla mkopo haujaisha, mfanyakazi analipia kitu ambacho hana tena. Jambo hilo limetupata sisi wenyewe, na ndiyo sababu ya kuandika somo hili.

YALIYOTUPATA

Sisi ni wajumbe wanne wa wafanyakazi katika shamba la miwa, upande wa Uganda, karibu na Ziwa Victoria. Miaka michache iliyopita tulikopa kwa pamoja ili tubadilishe madirisha ya nyumba zetu za nyumbani. Madirisha ya zamani yalikuwa ya mvule. Rangi ilikuwa imebanduka, na mengine yalikuwa yameoza sehemu ya chini. Tuliyang'oa yote, na wake zetu wakayapikia.

Mahali pake tukaweka mbao za msonobari kwa sababu bei yake ni nafuu. Kwa kuwa tuliogopa mvua, tukamwambia fundi azivike bati kwa nje, alipigilie misumari, na kingo zote azizibe kwa pati pasibaki hata tundu la sindano. Madirisha yalipendeza, na majirani walikuja kuyatazama.

Masika ya kwanza hatukuona neno. Masika ya pili mmoja wetu aliona mbao kwa ndani imevimba. Akaichoma kwa bisibisi, nayo ikazama kama katika muhogo uliochemshwa. Bati la nje lilikuwa zima kabisa. Mbao iliyokuwa nyuma yake ilikuwa imekwisha. Mkopo ulikuwa umebaki miezi saba.

Fundi hakutuibia. Alifanya kama tulivyomwambia. Sisi tulidhani adui wa dirisha ni mvua inayopiga kwa nje. Kumbe adui ni maji yanayoingia yakakosa njia ya kutoka.

KWA NINI MBAO HUOZA

Mbao haiozi kwa sababu ya uzee. Inaliwa na ukungu, na ukungu huo unahitaji maji. Mbao ikiwa na maji chini ya asilimia 20 ya uzito wake mkavu, ukungu wa kuoza hauwezi kuila. Mbao ikilowa kisha ikakauka, haipati hasara kubwa. Lakini ikilowa na kubaki hivyo wiki baada ya wiki, itaoza, hata ukiipaka rangi mara tatu.

Bati letu lilikuwa na matundu ya misumari. Kila mvua iliponyesha, maji kidogo yaliingia kwa njia ya misumari. Jua lilipowaka, maji hayo hayakuweza kutoka, kwa sababu tulikuwa tumeziba kila mahali. Tuliivika mbao koti la mvua, kumbe ndani ya koti tumeifungia maji.

Tena mbao yenyewe tuliinunua ikiwa mbichi. Tangu siku ya kwanza ilikuwa na maji ya kuiozesha. Kuipima si kazi ngumu. Kata kipande kidogo kutoka katikati ya ubao, si kwenye ncha. Kipime dukani kwa mizani, uandike. Kikaushe karibu na jiko siku kadhaa, bila kukiunguza, ukipima tena na tena mpaka uzito usipungue. Tuseme kipande kilikuwa gramu 650 na sasa ni gramu 500. Maji yaliyotoka ni gramu 150. Gawanya 150 kwa 500, utapata asilimia 30. Mbao hiyo haifai dirisha bado. Inayofaa ni ya asilimia 12 hadi 15.

KOTI LA ALUMINI LA KIWANDANI

Sasa tuyatazame yale madirisha ya picha. Nchi za baridi kama Sweden, Finland na Canada zina majira ya theluji, na watu huwasha moto nyumbani miezi mingi. Alumini hupitisha joto zaidi ya mara elfu kuliko mbao. Dirisha la alumini tupu lingepeleka joto la nyumba nje, na kwa ndani lingetoa jasho la maji. Kwa hiyo wanaweka mbao ndani ili izuie joto lisitoke, na alumini nje ili wasipande ngazi kila baada ya miaka michache kupaka rangi.

Lakini viwanda vizuri havipigilii alumini juu ya mbao kama tulivyofanya sisi. Alumini hushikwa kwa vibanio vidogo, na kati yake na mbao huachwa nafasi ya hewa. Chini kuna matundu ya kutolea maji. Mvua ikipenya, inateremka na kutoka, na mbao inakauka. Koti lile linafaa kwa sababu linaruhusu mbao kupumua.

Hata hivyo koti hilo lina namna mbili. Moja ni alumini nene iliyokamuliwa kiwandani katika umbo lake, nayo ni ngumu. Nyingine ni bati jembamba la alumini lililokunjwa, nalo hubonyea upesi. Katika picha zote mbili hung'aa sawasawa. Anayenunua huuliza unene, hatazami rangi tu.

Je, dirisha hilo linatufaa sisi? Faida yake kubwa ni kuhifadhi joto la moto wa nyumbani. Huku kwetu karibu na ziwa hatuwashi moto wa kupasha nyumba. Tukiliagiza kutoka ng'ambo tutalipa bei kubwa kwa ajili ya baridi tusiyokuwa nayo, na kipande kikivunjika hatutapata kingine dukani. Kwa hiyo ushauri wetu ni huu: tusilinunue dirisha lile, bali tuchukue akili iliyomo ndani yake. Maji yaelekezwe nje, na yanayoingia yapewe njia ya kutoka.

TUNACHOWEZA KUFANYA

Kwanza, tazama kama dirisha la zamani linaweza kupona. Choma kila sehemu kwa bisibisi. Mara nyingi ubao wa chini ndio umeoza, na miimo ya pembeni ni mizima. Fundi mzuri hukata palipooza na kuunga ubao mpya. Tulipokwisha kuchoma mvule wetu, mzee mmoja seremala alituambia kwamba angeweza kuyaponya madirisha yote kwa mbao chache tu. Mvule hukua polepole na miti yake imepungua sana. Ukiwa nao ukutani, usiutupe.

Ukikwangua rangi ya zamani, lowesha kwanza. Rangi nyingi za mafuta za zamani zina madini ya risasi, na vumbi lake hudhuru akili za watoto. Watoto na vyakula viwe mbali, na makapi yafukiwe mbali na kisima.

Pili, ukinunua mbao mpya, chagua kiini cha gogo. Kiini cha mvule huvumilia mchwa na maji. Sehemu nyeupe ya pembeni haivumilii, hata kama ni mvule huohuo. Msonobari unafaa ukiwa mkavu na umetiwa dawa. Mkaratusi hupinda na kupasuka usipokaushwa kwa uangalifu.

Tatu, mkinge mbao kwa namna ya kujenga kabla ya kumkinga kwa rangi. Upenu wa paa utoke nje vya kutosha. Kizingiti cha chini kiinamie nje, na chini yake kichongwe mfereji mdogo ili matone yadondoke yasirudi ukutani. Ncha za mbao, mahali zilipokatwa, zipakwe rangi ya kwanza kabla ya kuunganishwa, maana hapo ndipo mbao hunywa maji zaidi.

Nne, ukiwa bado unataka koti la alumini, livikwe sehemu ya chini tu inayopigwa sana na mvua. Liachiwe nafasi nyuma yake, na ukingo wa chini usizibwe. Usilikutanishe na mbao iliyotiwa dawa ya kijani yenye shaba, kwa sababu shaba huila alumini. Saruji mbichi nayo huiunguza alumini, kwa hiyo ifunike wakati wa kupiga lipu. Na vipande vya mbao yenye dawa hiyo visipikiwe chakula, kwa maana moshi na majivu yake ni sumu.

Tano, chuma ni kizuri kwa kuzuia wezi, lakini kipakwe rangi ya kuzuia kutu pande zote kabla ya kujengewa, hata upande utakaofichwa na saruji.

JINSI YA KUPIMA

Nafasi ya ukutani mara nyingi haiko sawa. Pima upana mara tatu: juu, katikati na chini. Ukipata sentimita 121, 120 na 119, shika 119, kisha punguza 1 ili dirisha liingie. Utaagiza sentimita 118. Fanya hivyo kwa urefu pia. Halafu pima kutoka pembe hadi pembe, pande zote mbili. Vipimo viwili vikitofautiana, ukuta umekwenda upande, na fundi aambiwe mapema.

Mafundi wengi hufuata kanuni kwamba dirisha lisipungue sehemu moja ya kumi ya sakafu. Chumba cha mita 3 kwa 3 kina mita 9 za mraba. Dirisha lake liwe angalau mita 0.9 za mraba, yaani kama sentimita 90 kwa 100, nalo lifunguke. Hewa ikizunguka, kifua kikuu hakienei kwa urahisi. Weka na wavu wa mbu, na zibeni nafasi iliyo kati ya ukuta na paa, kwa sababu mbu wa malaria hupenda kuingilia hapo.

NYUMBA NI YA NANI?

Yote tuliyosema ni kwa nyumba yako mwenyewe. Lakini wengi wetu tunalala katika laini, nyumba za tajiri. Tumewaona wenzetu wakinunua mbao kwa mshahara wao na kutengeneza dirisha la laini, kisha kazi ikiisha wanaliacha huko. Huo ni mzigo wa mwenye nyumba. Mkataba Namba 110 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1958, unaohusu wafanyakazi wa mashamba makubwa, una sehemu nzima juu ya nyumba. Unataka viwekwe viwango vya chini vya vifaa vya kujengea, ukubwa wa nyumba na upitaji wa hewa. Kwa hiyo dirisha bovu la laini lisipelekwe kwa seremala. Liandikwe na mjumbe, namba ya nyumba na hali yake, lipelekwe katika mazungumzo pamoja na mishahara.

NUNUENI PAMOJA, ANDIKENI PAMOJA

Fundi akitengeneza dirisha moja, mteja hana nguvu. Wanachama kumi wakiagiza pamoja, wanaweza kupima mbao yake kabla haijakatwa. Andikeni katika karatasi: aina ya mti, ukavu wake, vipimo, unene wa kioo, tarehe, na nani atatengeneza dirisha likivimba. Msilipe fedha zote mbele. Sehemu ya mwisho ibaki mpaka mvua kubwa imenyesha mara moja na dirisha limefunguka vizuri.

Sisi wanne tulimaliza kulipa ule mkopo. Miezi saba tulikatwa mshahara huku madirisha yakiwa yamezibwa kwa magunia. Hatutaki mwanachama mwingine alipie somo hili kwa bei tuliyolipa sisi.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini bati letu lilibaki zima na mbao ikaoza?

2. Kipande cha mbao kilikuwa gramu 460, kimekauka kikawa gramu 400. Maji yake yalikuwa asilimia ngapi? Je, kinafaa dirisha?

3. Katika laini yenu, ni nyumba ngapi zenye madirisha yasiyofunguka? Nani ameziandika?

4. Kabla ya kukopa kwa ajili ya dirisha jipya, tutamwita nani alichome la zamani kwa bisibisi?

Umoja ni nguvu.