Jinsi Mtambo wa Utafutaji Unavyopanga Tovuti za Mahali

Mtu aliyeko Morogoro huandika katika simu yake "duka la dawa", na mara hiyo huoneshwa orodha. Duka lililowekwa juu huenda liko mbali kwa kilomita mbili, ilhali lile la mtaani pake, ambalo lingemfaa zaidi usiku huo, halimo kabisa. Makala haya yanaeleza jinsi mpangilio huo unavyopatikana.

Yafaa ieleweke kwanza kwamba mtambo wa utafutaji hauzunguki dunia nzima kila unapoulizwa. Programu maalumu huzipitia kurasa za intaneti usiku na mchana, zikifuata viungo kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine, na maneno yanayokutwa huingizwa katika faharasa, mfano wa ile iliyo mwishoni mwa kitabu. Swali linapofika, kinachosomwa ni faharasa hiyo.

Kwa maswali yahusuyo mahali, kampuni ya Google imetaja mambo makuu matatu: kuafikiana kwa maneno, umbali, na umashuhuri.

Maneno hayana uzito sawa. Mwaka 1972 mwanasayansi wa Uingereza, Karen Spärck Jones, alieleza kwamba neno lipatikanalo katika hati nyingi halisaidii sana kuitenga hati moja na nyingine. Neno adimu ndilo listahililo uzito mkubwa. Kwa hiyo "la" karibu halina thamani, "dawa" ina thamani kiasi, na "insulini" huipita. Kiswahili kina ugumu wake hapa, kwani nomino zake nyingi hugeuka mwanzoni: duka huwa maduka, kinyozi huwa vinyozi. Programu iliyozoea Kiingereza, ambacho kwa kawaida hubadili mwisho wa neno, huweza kudhani kuwa hayo ni maneno yasiyohusiana.

Umbali ni hesabu nyepesi, mradi pande zote mbili zijulikane zilipo. Simu hujitambua mahali ilipo kwa ishara za setilaiti na za minara. Kompyuta isiyo na chombo hicho hukadiriwa kwa namba yake ya mtandao, na namba hiyo yaweza kuonesha mji wenye mitambo ya kampuni ya intaneti badala ya mji wa mwenye kompyuta. Nalo duka lisilo na anwani iliyoandikwa popote haliwezi kupimwa umbali wake, hata likiwa hatua kumi tu.

Umashuhuri ndio wenye hesabu ya kuvutia. Mwaka 1998 Larry Page na Sergey Brin, waliokuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, walieleza kanuni iitwayo PageRank. Kila kiungo huhesabiwa kama kura, lakini kura hazilingani. Chukua ukurasa wenye uzito wa 6 unaoelekeza kwenye kurasa 3: kila mmoja hugawiwa 2. Ukielekeza kwenye kurasa 60, kila mmoja hupata 0.1 tu. (Kanuni kamili hupunguza kidogo mgawo huo.) Kwa kuwa uzito wa mtoaji nao hutegemea waliompa yeye, hesabu hurudiwa mara nyingi hadi namba zitulie. Kwa orodha za mahali huongezwa idadi ya maoni ya wateja na alama walizotoa.

Udhaifu wa mpango huu ni dhahiri. Kinachopimwa ni yale yaliyosemwa juu ya duka, wala si ujuzi wa mfamasia wala dawa zilizomo kabatini. Tena maoni huweza kununuliwa. Ulaghai huo ulienea hata Tume ya Biashara ya Serikali Kuu ya Marekani ikatoa, mwaka 2024, kanuni ya kupiga marufuku uuzaji na ununuzi wa maoni ya uongo.

Google husema kwamba nafasi katika orodha ya mahali hainunuliwi. Matangazo ya kulipiwa huwekwa alama yake. Mwenye duka dogo basi hana budi kuanza na yale yaliyo mikononi mwake: jina lilelile kila linapoandikwa, mtaa na namba ya nyumba, simu inayopokewa, na saa za kufungua zilizo za kweli. Hilo la saa lisidharauliwe, kwani mgonjwa aliyeelekezwa saa nne usiku kwenye mlango uliofungwa amepoteza muda ambao pengine hana.