JIFUNZE: Kwa Nini Wi-Fi Hukwama Siku ya Soko

Katika vikao vya kushirikisha umma, maafisa wa kaunti huulizwa swali hili mara kwa mara: mbona Wi-Fi ya sokoni huonyesha alama zote kwenye simu, lakini ukijaribu kufungua ujumbe inazunguka tu? Na mbona asubuhi na mapema inafanya kazi vizuri, ilhali saa tano siku ya soko haifai kitu? Wakazi wengine hupendekeza kaunti iongeze ruta. Pendekezo hilo lina nia njema, ila mara nyingi lingezidisha tatizo. Ili kuelewa sababu, inabidi tuangalie kitu ambacho hakionekani kwa macho, nacho ni masafa ya redio.

Kila chombo kinachowasiliana bila waya, iwe simu, redio ya polisi, kituo cha FM, kifaa cha Bluetooth au ruta, hutuma mawimbi kwa masafa fulani. Mawimbi mawili yakikutana hewani hayaharibiani, bali hupitana na kuendelea na safari yao. Shida huwa kwenye kipokezi. Ishara mbili za masafa yale yale zikikifikia kwa wakati mmoja, hakiwezi kutenganisha hii na ile, sawa na sikio lako watu wawili wanapokusemesha kwa pamoja kwenye harambee. Hali hiyo ndiyo huitwa mwingiliano wa mawimbi.

Nani mwenye masafa?

Tuanze na hili kwa sababu linachanganya wengi. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liliacha mawasiliano ya simu na utangazaji wa redio na televisheni mikononi mwa Serikali ya Kitaifa. Anayegawa masafa ni Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, chini ya Sheria ya Habari na Mawasiliano ya mwaka wa 1998. Gavana hawezi kukupa masafa, wala mwakilishi wa wadi. Kaunti inapoweka Wi-Fi sokoni inatumia hewa ile ile, kwa kanuni zile zile, kama mwenye kinyozi aliye jirani.

Ugawaji wenyewe unafanana na mambo ya ardhi ambayo sote tunayajua. Kuna masafa yaliyo kama shamba lenye hatimiliki: kampuni ya simu hulipia sehemu yake na hakuna mwingine anayeruhusiwa kuingia humo. Kuna mengine yaliyo kama malisho ya jamii, ambapo yeyote anaweza kuleta mifugo yake bila leseni mradi afuate kanuni, hasa za kiwango cha nguvu. Wi-Fi huishi kwenye malisho hayo, na ndiyo maana unaweza kununua ruta leo na kuiwasha jioni bila kumwomba mtu ruhusa. Ni kwa sababu hiyo hiyo pia kwamba hakuna wa kumshtaki jirani akiwasha ya kwake.

Jinsi ruta zinavyopeana zamu

Wi-Fi haina mwenyekiti wa kikao. Kila kifaa husikiliza kwanza. Kikisikia kimya, hungoja tena muda mfupi wa kubahatisha, unaopimwa kwa sehemu za milioni za sekunde, ndipo hutuma. Iwapo viwili vitatuma kwa bahati mbaya kwa wakati mmoja, vyote hushindwa, kisha kila kimoja hubahatisha muda mrefu zaidi kabla ya kujaribu tena. Utaratibu huu una historia. Mwaka wa 1971, Chuo Kikuu cha Hawaii kilianza kuunganisha visiwa vyake kwa redio kupitia mtandao ulioitwa ALOHA, ulioongozwa na Norman Abramson. Humo kila kituo kilituma wakati wowote kilipotaka, bila kusikiliza kwanza. Hesabu zilionyesha kwamba kwa njia hiyo, hata mambo yakienda vizuri kabisa, ni takriban asilimia 18 tu ya muda wa hewani inayoweza kubeba ujumbe unaofika salama. Kusikiliza kabla ya kusema ndiko kulikoongeza kiwango hicho.

Sasa rudi sokoni. Alama zilizojaa kwenye simu yako zinakueleza kwamba unaisikia ruta vizuri. Hazikuelezi kama zamu yako ya kusema itafika. Siku ya soko kuna mamia ya simu mifukoni, na kila kinyozi, wakala wa pesa na duka la vipuri lina ruta yake. Kila ruta hutangaza jina lake takriban mara kumi kwa sekunde, hata kama hakuna anayeitumia, tena kwa mwendo wa polepole ili hata kifaa cha zamani kielewe. Ruta 30 kwenye chaneli moja ni matangazo 300 kwa sekunde kabla mtu yeyote hajatuma hata picha moja. Hii ndiyo sababu kuongeza ruta ovyo hakusaidii. Ruta mpya hailetí hewa mpya, inaingia tu kwenye foleni ile ile.

Kuna jambo jingine ambalo watu wachache hulifikiria. Simu iliyo mbali na ruta, upande wa pili wa ukuta wa mawe, hulazimika kusema polepole ili isikike. Pakiti ya data yenye baiti 1,500 ikitumwa kwa kasi ya megabiti 54 kwa sekunde hutumia takriban sehemu 0.2 ya milisekunde hewani. Pakiti hiyo hiyo kwa kasi ya megabiti 6 hutumia milisekunde 2, mara tisa zaidi, na muda huo wote wengine wamenyamaza. Mtu mmoja anayetazama video akiwa mbali, nje kwenye stendi ya bodaboda, anaweza kumchelewesha aliye hatua mbili tu kutoka kwa ruta.

Chaneli 1, 6 na 11

Wi-Fi ya masafa ya gigahezi 2.4, ambayo ndiyo iliyoenea zaidi, ina chaneli 13. Mtu akisikia hivyo hudhani kuna njia 13 za kupita. Sivyo. Chaneli hizo zimepangwa megahezi 5 tu kutoka moja hadi nyingine, ilhali ishara ya Wi-Fi ina upana wa takriban megahezi 20. Kwa hiyo anayetumia chaneli ya 3 anaikanyaga ya 1 na pia ya 6. Zinazoweza kutumika pamoja bila kukanyagana ni tatu tu, na kwa kawaida ni 1, 6 na 11.

Hapa ndipo watu wengi hufanya kinyume. Anaona jirani yuko chaneli ya 6, anajiweka ya 4 ili kumkwepa. Lakini ruta mbili zilizo kwenye chaneli moja husikilizana na kupeana zamu. Zilizo kwenye chaneli zinazokanyagana nusu nusu hazielewani. Kila moja huisikia nyingine kama kelele tu, na kelele hiyo huharibu ujumbe ulio njiani. Ni afadhali kukaa chaneli ya 6 pamoja na jirani kuliko kujibana katikati yake na wa chaneli ya 1.

Kupeana zamu nako kuna kasoro yake. Fikiria ruta iliyo katikati ya soko lililoezekwa mabati, na wauzaji wawili, mmoja kila mwisho wa soko. Wote wanaisikia ruta, lakini wao hawasikiani kwa sababu ya umbali na kuta. Kila mmoja anasikiliza, anasikia kimya, anatuma, na ujumbe wao unagongana pale kwenye ruta. Tiba ni mbili: kuiwekea ruta utaratibu wa vifaa kuomba ruhusa kabla ya kutuma, au kuweka ruta kadhaa za nguvu ndogo kwenye chaneli tofauti, kila moja ikihudumia eneo fupi. Nguvu ndogo iliyopangwa vizuri huwafaa watu wengi kuliko ruta moja inayopaza sauti mji mzima.

Penye watu wengi, masafa ya gigahezi 5 ni bora zaidi. Yana chaneli nyingi zisizokanyagana, na kwa kuwa hayapenyi kuta vizuri, ruta ya jirani haikufikii sana. Sehemu ya masafa hayo hutumiwa na rada za hali ya hewa, kwa hiyo ruta inayoyatumia hutakiwa kusikiliza kwa angalau dakika moja kabla ya kuanza, na kuhama mara tu inaposikia rada. Ukiona ruta yako inachelewa kuwaka kwenye gigahezi 5, huenda haijaharibika.

Kulisha mifugo baada ya mavuno

Kati ya hatimiliki na malisho ya jamii kuna njia ya tatu, na Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kuijaribu. Mkulima akishavuna mahindi, humruhusu jirani aingize ng'ombe wale mabua, kwa sharti watoke kabla hajapanda tena. Masafa ya televisheni yako hivyo. Televisheni haitumii chaneli zote kila mahali, hasa mashambani, na tangu tulipohamia utangazaji wa dijitali mwaka wa 2015, chaneli moja hubeba vipindi vya vituo kadhaa ambavyo zamani kila kimoja kilihitaji chaneli yake.

Mwaka wa 2013, mradi wa Mawingu ulianza karibu na Nanyuki katika Kaunti ya Laikipia, kwa ushirikiano wa kampuni ya Microsoft, kampuni ya Indigo Telecom na Serikali. Ulitumia chaneli hizo zilizokuwa tupu kupeleka intaneti mashambani, kwa mitambo ya umeme wa jua. Masafa ya televisheni husafiri mbali na hupenya miti kuliko yale ya Wi-Fi, ndiyo maana yanafaa vijijini. Mwaka wa 2021 Mamlaka ya Mawasiliano ilitoa mwongozo wa matumizi hayo. Kifaa huuliza hifadhidata kwanza: niko mahali hapa, ni chaneli gani zilizo wazi? Kikipewa, kinatumia, lakini hakiruhusiwi kumsumbua mwenye shamba, wala hakiwezi kulalamika mwenye shamba akirudi.

Busta: usinunue tu kwa sababu inauzwa

Kati ya yote, hili ndilo linaloumiza watu wengi zaidi bila wao kujua. Penye mtandao hafifu wa simu, mtu hununua busta na kuifunga juu ya paa. Tofauti na ruta, busta haisikilizi kwanza. Hukuza kila kinachoifikia, pamoja na kelele, na kukirusha kwenye masafa ya kampuni ya simu, ambayo ni shamba la mwenyewe. Antena ya nje na ya ndani zikikaribiana sana, huanza kulishana, kama kipaza sauti cha kanisani kinapoelekezwa kwenye spika. Mlio huo hausikiki kwa sikio, lakini mnara unausikia, na unaweza kuziba masikio yake kwa simu za eneo zima. Wewe unapata alama mbili zaidi sebuleni, huku jirani anayejaribu kuita gari la wagonjwa anakosa laini.

Mitambo ya FM isiyo na leseni au iliyotengenezwa vibaya ni hatari ya aina hiyo hiyo. Redio ya FM huishia megahezi 108, na papo hapo yanaanza masafa ya ndege. Mtambo mbovu humwaga mawimbi nje ya mpaka wake, na rubani anayeingoja sauti ya waongoza ndege anaweza kusikia muziki.

Unachoweza kufanya

Ikiwa una ruta dukani au nyumbani, chagua chaneli ya 1, 6 au 11, au tumia gigahezi 5 ikiwa inayo. Punguza nguvu yake kama chumba ni kimoja. Kiinue juu, mbali na mabati na mbali na oveni ya maikrowevu, ambayo hufanya kazi karibu na gigahezi 2.45. Kifaa kisichohama, kama televisheni, printa au kompyuta ya dukani, kiunganishe kwa waya. Kila kinachoondoka hewani kinawaachia wengine zamu. Kwa zahanati na afisi zilizo katikati ya vituo vya biashara tunalisisitiza hili: kompyuta yenye rekodi za wagonjwa isitegemee Wi-Fi kamwe ikiwa waya unaweza kufika.

Kabla ya kununua busta, redio ya upepo au mtambo wowote wa kurusha mawimbi, muulize muuzaji kama aina hiyo imeidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano. Kama mtandao wa simu ni hafifu kwenu, mlalamikie mtoa huduma kwanza. Mkikumbwa na mwingiliano usioisha, andikeni mahali, saa unapoanza na kuisha, ni huduma gani inayokatika, na kama kuna antena mpya iliyofungwa karibu. Maelezo hayo yapelekwe kwa Mamlaka, ambayo ina mitambo ya kutafuta chanzo cha mawimbi. Afisi ya msimamizi wa wadi inaweza kuwasaidia kuandika barua hiyo.