Meli Isiyotia Nanga: Somo kwa Wafanyakazi wa Vyombo vya Gesi



Mvuvi wa Vamizi anajua nanga yake inafika wapi. Ndani ya mwamba hutia nanga akalala. Akivuka mwamba kuelekea mashariki, bahari huzama ghafla, na kamba zote za chombo zikiunganishwa hazigusi chini. Huko kilindini ndiko iliko gesi. Katika eneo la Coral, kiasi cha kilomita 50 kutoka pwani ya Cabo Delgado, maji yana kina cha mita 2,000 hivi. Leo tutaeleza jinsi meli ya kuchimba kisima inavyosimama mahali kama hapo, na kwa nini jambo hilo linamhusu hata mtu wa kubadilisha chujio la mafuta kule chini kwenye mitambo.

Tuanze na chombo ambacho kweli kimefungwa kwa nanga, ili tofauti ionekane. Coral Sul ni kiwanda kinachoelea. Kinapokea gesi ya visima sita vilivyo sakafuni mwa bahari, kinaipoza hadi nyuzi 162 chini ya sifuri igeuke kimiminika, kisha huipakia katika meli za wanunuzi. Kilijengwa Korea ya Kusini, kikafika Msumbiji Januari 2022, na shehena ya kwanza ikaondoka Novemba mwaka huo huo. (Wapo wanaosema kiliwekwa baharini ili kukimbia vita. Sivyo. Uamuzi wa kukijenga ulipitishwa Juni 2017, na shambulio la kwanza la Mocímboa da Praia lilikuwa Oktoba 2017.) Urefu wake ni mita 432, na kinashikwa na amari 20 zenye uzito wa jumla wa tani 9,000. Amari hizo hukutana kwenye mhimili wa duara uliomo ndani ya chombo chenyewe, nacho huuzunguka kama dau linavyogeuka kwenye nanga yake kuutazama upepo. Ni jambo la lazima katika bahari ile. Kusi na kaskazi hupokezana, na mkondo mkuu utokao mashariki ya Bahari ya Hindi hufika kwenye rasi ya Cabo Delgado ukagawanyika, nusu kaskazini, nusu kusini.

Amari za tani 9,000 hufaa kwa chombo kitakachokaa miaka mingi. Meli ya kuchimba hukaa juu ya kisima kwa wiki kadhaa au miezi, kisha huhama. Hiyo haitii nanga hata kidogo. Inasimamishwa na injini zake.

Jambo hili lilianza mwaka 1961. Meli iliyoitwa Cuss 1 ilichimba karibu na kisiwa cha Guadalupe, Mexico, penye kina cha zaidi ya mita 3,500, ikiwa na rafadha nne za kugeuzwa na mtu mmoja akiziongoza kwa mkono. Mwaka huo huo meli ya Eureka ilifungwa mtambo wa kuziongoza wenyewe. Siku hizi kazi ni ya kompyuta. Hupokea habari za setilaiti, za dira, za vipimo vya upepo, na za vyombo vya sauti vilivyowekwa sakafuni mwa bahari. Kila sekunde hulinganisha mahali meli ilipo na mahali inapotakiwa kuwa, kisha huamuru rafadha zisukume huku au kule. Rafadha hizo, ambazo wengine huziita pangaboi, huweza kuzungushwa kila upande. Mabaharia huuita mfumo huu dipii, nasi tutatumia neno hilo hilo.

Sasa ndugu msomaji shika kalamu. Meli imeunganishwa na kisima kwa bomba refu la mita 2,000. Ikisogea mita 100, bomba litainama kiasi cha nyuzi tatu, na hapo hatari imekwisha kuingia. Mkondo ukiisukuma meli iliyokufa injini kwa maili moja ya bahari kwa saa, ni karibu nusu mita kwa sekunde. Mita 100 zitakwisha katika dakika tatu na robo hivi. Ndani ya muda huo afisa wa zamu lazima atambue, atoe king'ora, na ikibidi abonyeze kitufe cha kufunga kisima na kuliachanisha bomba. Mtambo wenyewe huchukua chini ya dakika moja. Muda mwingine wote ni wa binadamu kuamua.

Kisa cha Septemba 2012 katika Bahari ya Kaskazini kinatosha kutufunza. Meli ya wazamiaji Bibby Topaz ilipoteza dipii katika bahari chafu, ikaanza kuchukuliwa. Mzamiaji Chris Lemons alikuwa chini kiasi cha mita 90. Kamba inayomletea pumzi, joto na mwanga ilinasa, ikakatika. Alibaki na hewa ya akiba ya dakika chache tu, na wenzake walimfikia baada ya kiasi cha nusu saa. Akaishi. Wengi hukisimulia kisa hiki kama muujiza. Sisi tunakisoma kama kisa cha kazi. Mtu aliye chini maisha yake yalikuwa mikononi mwa umeme na kompyuta za meli, na yeye hana uwezo wa kuzigusa.

Ndiyo maana Shirika la Kimataifa la Bahari, IMO, lilitoa mwongozo mwaka 1994 na kuutengeneza upya mwaka 2017. Meli hugawanywa katika daraja tatu. Ya kwanza, hitilafu moja yaweza kuipotezea mahali pake. Ya pili, mtambo mmoja ukifa, jenereta au rafadha, meli ibaki imesimama. Ya tatu huongeza sharti kwamba hata chumba kizima kikiungua au kikijaa maji, meli isiondoke. Kwa hiyo jenereta mbili zinazounguruma wakati moja ingetosha si uharibifu wa mafuta. Ile ya pili ndiyo nanga yenyewe.

Hapa ndipo tunapomgeukia mtu wa chini. Fundi akifunga bomba moja la mafuta ili asafishe chujio, na bomba hilo ndilo linalolisha jenereta mbili, amekata amari bila kujua. Mchomeleaji akikata waya wa kipimo cha upepo, vilevile. Kila meli ya daraja la pili na la tatu lazima iwe na kitabu cha uchambuzi wa hitilafu, kinachotaja hitilafu mbaya kuliko zote na mitambo itakayobaki, na majaribio hufanywa kila mwaka. Kitabu hicho kwa kawaida huandikwa Kiingereza na hukaa kwenye kabati la maafisa. Sisi tunasema kielezwe kabla ya zamu kwa lugha anayoielewa mfanyakazi, iwe Kiswahili, Kimwani au Kireno. Na hakuna anayegusa pampu, swichi wala vali ya mitambo hiyo kabla ya kupiga simu juu kwa afisa wa dipii na kupata jibu. Msimamizi akisema fanya tu, ni dakika mbili, mkumbushe hesabu ya dakika tatu na robo.

Neno moja juu ya vyeti. Cheti cha afisa wa dipii hakipatikani darasani peke yake. Lazima mwanafunzi atumikie siku nyingi katika meli yenye mfumo huo, na hapo vijana wa Palma na Mtwara hukwama, maana hawana meli ya kuwapokea. Mikataba ya gesi ikizungumzwa, tudai nafasi za wanafunzi melini, kwa idadi iliyoandikwa.

Maswali ya kujadili tawini: Katika chombo chako, ni mitambo gani inayolishwa na bomba moja? Afisa wa dipii anapatikana kwa namba gani ya simu ya ndani? King'ora chekundu kikilia, wewe unakwenda wapi?