Jiko limebaki gizani

Jumamosi jioni, katika nyumba moja ya ghorofa mjini Lubumbashi, mama alikuwa akipika maharagwe juu ya resho. Binti yake alikuwa karibu naye, akipiga pasi nguo za siku ya Mungu. Mama akataka maji ya chai, akachomeka na birika ya umeme. Punde si punde resho likazima, pasi ikaanza kupoa, taa ya jiko ikafa.

Kijana wa nyumba akasema: «Mama, mimi ninajua dawa yake.» Akaleta karatasi inayong'aa ya pakiti ya sigara, apate kuifunga kwenye fyuzi.

Mama akamshika mkono. «Acha! Shuka ngazi, mwite Papa fundi.»

Fundi akaja. Hakugusa kitu, aliuliza tu:

«Kwa majirani taa zinawaka?»

«Ndiyo, Papa.»

«Na katika vyumba vyenu vingine?»

«Zinawaka.»

«Vema. Kama mji wote ungekuwa gizani, kosa lingekuwa mbali, labda hata kule Mwadingusha, ambako maji ya mto Lufira yalianza kuzungusha mashine za umeme mwaka 1930. Hapo sisi tungewasha mshumaa na kungoja. Kama ingekufa taa moja tu, tungebadili ampuli. Lakini vitu vyote vya jiko vimekufa pamoja. Basi fyuzi ya jiko imeungua. Sasa tutafute sababu. Leta kalamu, mwanangu.»

Kila chombo kina kibati chenye namba. Kijana akasoma: resho wati 2,000, pasi wati 1,000, birika wati 2,000. Jumla wati 5,000. Umeme wa nyumba ni volti 220. Akagawanya 5,000 kwa 220, akapata karibu ampere 23. Fyuzi ya jiko ilikuwa ya ampere 10.

«Umeona? Ndani ya fyuzi mna uzi mwembamba. Ukipitiwa na umeme mwingi kupita kiasi, unayeyuka, na njia inakatika. Ndiyo kazi yake. Karatasi yako isingeyeyuka upesi. Umeme ungeendelea kupita, waya zingepata moto ndani ya ukuta, na wakati wa usiku, ninyi mmelala, nyumba ingeanza kuungua pahali ambapo hakuna macho.»

Kijana akaitupa ile karatasi.

Fundi akavaa viatu vikavu, akazima swichi kubwa, akachomoa vyombo vyote. Akapima kwa bisibisi yake ya kupimia umeme, ambayo alikuwa ameijaribu kwanza kwenye prizi yenye umeme, maana chombo cha kupimia kilichoharibika ni hatari kuliko kukosa chombo. Akatoa fyuzi iliyoungua, akatia mpya ya ampere 10, si kubwa zaidi. Kisha akaitazama prizi. Tundu moja lilikuwa limegeuka rangi ya kahawia. Skrubu yake ilikuwa imelegea, na pahali palipolegea hupata moto. Akaikaza.

Akawasha tena. Akachomeka resho peke yake: likawaka. Kama fyuzi ingeungua tena kabla ya kuchomeka chombo chochote, kosa lingekuwa katika waya za ukutani, na kazi hiyo si ya watoto.

Pasi hakuirudisha. Kitambaa cha waya wake kilikuwa kimechakaa, na shaba ilionekana. Akamwuliza binti: «Kama ndugu yako angekamatwa na waya huu, ungefanya nini?»

«Ningemvuta, Papa.»

«Mngekufa wawili. Kimbia uzime swichi kubwa, halafu umguse. Na chombo cha umeme kikiwaka moto, usimwage maji.»

Maharagwe yakaiva saa mbili ya usiku. Nguo zikapigwa kwa pasi ya makaa ya jirani.

MAULIZO
1. Kwa nini fundi aliuliza habari za majirani?
2. Resho na pasi tu vinatumia ampere ngapi pamoja?
3. Sababu gani fundi hakutia fyuzi ya ampere 25?