Mcheza Kwao Hutunzwa: Somo Kuhusu Maonyesho ya Hisani ya Filamu za Muziki

Katika ukurasa huu tutaichambua methali moja ambayo karibu kila mwanafunzi ameikariri: Mcheza kwao hutunzwa. Kukariri ni jambo moja, kuelewa ni jambo jingine. Swali letu ni hili: mchezaji akicheza ndani ya filamu, ni nani atakayemtunza, na atamtunzaje?

1. Neno lenyewe

Kitenzi "tunza" kina maana mbili. Maana ya kwanza ni kuangalia kitu kisiharibike. Mama hutunza mtoto, na mkulima wa Machakos hutunza matuta ya shamba lake ili udongo usichukuliwe na mvua. Maana ya pili ni kumpa mtu zawadi kwa kuwa amefanya vizuri. Hapo ndipo tulipopata nomino "tuzo" au "tunzo". Wengine husema "mcheza kwao hutuzwa", nao hawajakosea.

Maana hii ya pili utaiona wazi katika taarab. Mwimbaji akifika kwenye ubeti uliomgusa msikilizaji, msikilizaji huinuka, akasogea mbele kwa madaha huku akicheza, akampa noti yake mkononi. Hakuna tikiti wala stakabadhi. Wimbo umetoka, shukrani imerudi, tena hadharani watu wote wakiona.

Sasa njoo kwenye filamu. Mwimbaji yuko pale ukutani, anaimba mpaka jasho linamtoka, lakini hana mkono wa kupokea. Hata ukitoa noti utampa nani, projekta? Onyesho la hisani ni njia ya kuurudisha ule mkono uliopotea.

2. Onyesho la hisani ni nini?

"Onyesho" liko katika ngeli ya LI-YA: onyesho limefana, maonyesho yamefana. "Hisani" ni wema autendao mtu bila kulazimishwa. Wahenga walinena kwamba hisani haiozi. Kwa hiyo onyesho la hisani ni onyesho ambalo watu hulipa kiingilio, na kinachobaki baada ya kutoa gharama huenda kwa shughuli iliyotangazwa mapema, wala si mfukoni mwa mwandaaji.

Kwetu jambo hili si geni. Tuna harambee, na kabla ya harambee wazee wetu wa Ukambani walikuwa na mwethya, yaani vikundi vya kusaidiana kazi, vilivyochimba mengi ya matuta tunayoyaona milimani hadi leo. Kilichobadilika hapa ni chombo tu: badala ya jembe, tunashika tikiti.

3. Mfano wa Mji Mkongwe

Kama kuna mji wa Afrika Mashariki unaosifiwa kwa urithi wa muziki, basi ni Unguja mjini. Sultani Seyyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim nchini Misri kujifunza kupiga kanuni. Mwaka 1905 kikazaliwa kikundi cha Nadi Ikhwan Safaa. Baadaye akaja Siti binti Saad, mwanamke kutoka kijiji cha Fumba, ambaye mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay akaimba katika santuri kwa Kiswahili. Wanafunzi wa fasihi wanamjua kupitia Wasifu wa Siti binti Saad wa Shaaban Robert. Siti alifariki mwaka 1950. Leo tunamjua kwa santuri na kwa kitabu.

Waliomfuata wamepata bahati ya kamera. Mwaka 2006 ilitoka filamu ya hali halisi ya Andy Jones iitwayo As Old As My Tongue, juu ya maisha ya Fatuma binti Baraka, yaani Bi Kidude. Mwaka 2009 ikafuata Zanzibar Musical Club ya Philippe Gasnier na Patrice Nezan, inayoonyesha taarab ya mji huo na watu wake. Bi Kidude alifariki tarehe 17 Aprili 2013, lakini mtoto ambaye hajazaliwa bado anaweza kumwona akiimba. Hiyo ni tunza ya maana ya kwanza: kuhifadhi.

Lakini je, maana ya pili? Sifa za dunia nzima hazilipi kodi ya nyumba. Chuo cha muziki cha Dhow Countries Music Academy, kilichofungua milango yake Mji Mkongwe mwaka 2002 ili vijana wafundishwe taarab na ngoma za pwani, kilitangaza mwaka 2019 kwamba kingeweza kufungwa kwa kukosa fedha baada ya wafadhili kupungua. Fikiria jambo hilo, ndugu yangu. Mji unasifiwa kwa muziki wake, watalii wanakuja, filamu zinatengenezwa, na mahali pa kumfundisha kijana kupiga udi na kanuni panatafuta pesa za kulipa walimu. Hapo ndipo onyesho la hisani lina kazi: sifa zibadilike kuwa ada, nyuzi za udi na mishahara.

4. Na sisi huku Machakos?

Usidhani urithi ni wa pwani peke yake. Kakai Kilonzo, aliyezaliwa mwaka 1954, aliongoza bendi ya Kilimambogo Brothers. Aliimba benga kwa Kikamba na pia kwa Kiswahili, na Kiswahili hicho ndicho kilichomvusha mipaka ya Ukambani hadi akasikika Kenya nzima. Alifariki mwaka 1987. Mwaka 2008 shirika la Ketebul Music la Nairobi lilitoa Retracing the Benga Rhythm, yaani kijitabu, santuri ya kisasa na filamu pamoja, ili historia ya benga isipotee. Kumbe kazi imeshaanzwa na wenzetu. Iliyobaki ni yetu sisi watazamaji.

Nasema watazamaji kwa sababu nyimbo hizi tunazisikia kwenye matatu, arusini na sokoni. Tunazicheza, tunazipenda, tunashuka kituoni, basi. Wapiga gita wa enzi zile ambao wako hai wamezeeka. Wengine hawana hata gita. Tukingoja mpaka siku ya mazishi ndipo tuchange, tutakuwa tumemtunza asiyeweza tena kucheza.

5. Pesa na sheria

Hisani bila hesabu huzaa fitina. Mfano mzuri ni wa mbali kidogo. Tarehe 1 Agosti 1971, George Harrison na Ravi Shankar walifanya tamasha mbili kwa siku moja mjini New York kuwasaidia wakimbizi wa Bangladesh. Viingilio vilileta dola 243,418.50, na zikapelekwa kwa shirika la UNICEF. Baadaye zikatoka santuri na filamu ya tamasha hilo, nazo zikaingiza fedha nyingi zaidi. Lakini kwa kuwa mpango haukuwa umesajiliwa mapema kama wa hisani, fedha hizo zilikwama miaka mingi mikononi mwa watoza kodi wa Marekani. Nia ilikuwa safi, karatasi zilichelewa, na mwenye njaa akangoja.

Kwetu pia kuna karatasi. Kwanza, filamu ni mali ya mtu, na kuionyesha mbele ya umma kunahitaji ruhusa ya mwenyewe. Kuinunua dukani si ruhusa ya kuwatoza watu kiingilio. Pili, kuna bodi ya serikali inayokagua filamu chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Sura ya 222. Tatu, Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 hulinda utungo wa muziki katika maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya mwaka aliofariki. Piga hesabu: nyimbo alizotunga mtu aliyefariki mwaka 1987 zinalindwa mpaka mwisho wa mwaka 2037. Kwa hiyo usiseme "ni za zamani, hazina mwenyewe".

Sasa hesabu ya bwaloni. Tuseme watu 300 wamekuja, kila mmoja ametoa shilingi 50. Hizo ni shilingi 15,000. Kukodi projekta, vibali na kuchapisha tikiti kumekula shilingi 4,500. Zinabaki 10,500. Mweka hazina aandike hesabu hiyo, mlezi wa chama atie sahihi, na karatasi ibandikwe kwenye ubao wa matangazo kabla ya juma kwisha. Anayepokea naye atajwe tangu siku ya tangazo la kwanza. Kusema tu "kusaidia wasanii" hakutoshi. Wasanii gani? Kwa kiasi gani? Lini?

6. Pingamizi

Kuna watakaosema, "Shilingi 10,500 si kitu. Zitamfaa nini mzee?" Nawajibu kwamba yule anayetunza katika taarab naye hutoa noti moja tu. Nguvu ya noti ile ni kwamba haiji peke yake, na inatolewa mtoaji akiwa amesikiliza. Wengine watasema kwamba hiyo ni kumfanya msanii ombaomba. La hasha! Ombaomba hupewa kwa kuhurumiwa. Msanii hutunzwa kwa kuwa ametoa kitu kwanza. Ndiyo maana methali haikusema "mcheza kwao husaidiwa".

Zoezi

(a) Tunga sentensi mbili zinazotofautisha maana mbili za "tunza".
(b) Muulize mzee mmoja wa kwenu jina la mwanamuziki aliyempenda ujanani. Andika jina, chombo alichopiga na lugha aliyoimbia. Lete chamani.
(c) Mjadala: "Ni afadhali kumtunza msanii aliye hai kuliko kumjengea sanamu akifa." Unga mkono au pinga.

Majibu ya zoezi (b) yatahifadhiwa katika daftari la chama. Huenda humo ndimo tutakapompata yule ambaye onyesho letu la kwanza litafanywa kwa ajili yake, naye aketi kiti cha mbele.