Kupeleka Daawa ya Talaka kwa Kadhi Bila ya Wakili

Sifa njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad. Ama baada ya haya, wengi hudhani ya kuwa asiye na fedha za wakili hana mlango wa kuingilia kwa Kadhi. Dhana hii ni batili. Kuweka wakili ni jaizi, si sharti. Mwenye haki aweza kuidai kwa ulimi wake mwenyewe.

Jua, ewe ndugu yangu, kuwa mume na mke hutengana kwa njia hizi:

TALAKA. Hii i mkononi mwa mume, nayo hupita kwa tamko lake bila ya kungoja hukumu. Kuishuhudisha, katika madhehebu yetu ya Shafii, ni sunna. Lakini mwenye akili haachi kuishuhudisha na kuiandikisha, kwani talaka isiyo na hati huzaa ugomvi wa edda, wa ndoa ya pili na wa mirathi.

KHULUU. Mke hutoa badali, mume akaikubali. Hapana rejea baada yake ila kwa ndoa mpya.

FASKHI. Kadhi huivunja ndoa kwa sababu ya kisharia, kama mume aliyethubutu kuwa hawezi chakula na mavazi ya mkewe. Hupewa muhula wa siku 3, kisha mke ana haki ya faskhi.

Katika Kenya, Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 170, imewapa Makadhi kuhukumu ndoa, talaka na mirathi baina ya Waislamu wanaoikubali hukumu yao. Basi mdai na afuate haya:

1. Atangulize suluhu, kwa waamuzi wawili, mmoja wa upande wa mume na mmoja wa upande wa mke, kama ilivyoamrishwa katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 35.

2. Aandike daawa yake: majina, tarehe ya ndoa, mahari yaliyolipwa na yaliyobaki, watoto na umri wao, sababu, na anayoyataka. Aambatishe hati ya ndoa. Asiyejua kuandika amtake mtu mwaminifu amwandikie.

3. Alipe ada, ashike risiti, na ahakikishe samansi imemfikia mwenziwe.

4. Alete mashahidi walioona au kusikia wenyewe, kwa kuwa mzigo wa ushahidi ni wake.

5. Achukue nakala ya hukumu. Asiyeridhika ana rufaa katika Mahakama Kuu.

Nasaha yangu kwenu, enyi wanaume: huenda wewe ndiwe utakayeshitakiwa. Usiikimbie samansi, wala usimwache mke akaning'inia, si mke wala si mtalaka. Kumzuia kwa kumdhuru kumekatazwa katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 231. Na ukiwa ni baba au ndugu wa mdai, usimfungie nyumbani kwa kuogopa aibu. Fuatana naye hata mbele ya Kadhi. Aibu ni dhuluma, si kudai haki.

Wallahu aalam.