Mafuta Ndani ya Mishipa ya Damu

Ugonjwa huu hauwangojei wazee. Mwaka 1953 madaktari wa Marekani walieleza uchunguzi wa askari 300 waliouawa katika vita vya Korea. Wastani wa umri ulikuwa miaka 22, lakini 77 kati ya kila 100 walikuwa tayari na dalili zake katika mishipa ya moyo.

Unaanzaje? Presha, sigara au ugonjwa wa sukari huumiza ngozi ya ndani ya mshipa. Kolesteroli hupenya hapo, chembe nyeupe za damu huimeza, uvimbe wa mafuta hukua kwa miaka bila maumivu yoyote. Siku ukipasuka, damu huganda juu yake na kuziba njia: moyoni huleta mshtuko wa moyo, kichwani kiharusi. Basi mama, usiache vidonge vya presha eti umepata nafuu. Rudi kwanza zahanati ukapimwe.